Pembe ya Kushoto Nyuma

Pelkie, Michigan
3 Mei 1992

Mdogo wangu Reino,

Hujambo huko jangwani? Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, ila kulala ndiyo shida; anaamka kila mara kuuliza kama jiko la sauna limezimwa. Theluji imebaki nyuma ya banda la kuni tu, kule kwenye kivuli. Barafu ilitoka ziwani tarehe ishirini na tatu, na mbu wa kwanza ameshaniuma, kwa hiyo huku tunahesabu kwamba joto limefika. Duane anakusalimu. Amenenepa, anasema ni mapishi yangu, na sijui kama ananisifu au ananisema.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatiana, na siku nzima inayofuata nagombana na wewe kichwani nikiosha vyombo. Kwenye barua angalau unanisikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita tulikivua kifuniko cha pikapu, kile kibanda cha mbao na alumini kinachofunika nyuma kote. Kuni zinangoja msituni, na unajua pikapu ikiwa imevaa kifuniko huwezi kupakia magogo ya maana. Niliamka mapema nikaoka mkate wa iliki kama mama alivyokuwa akifanya siku hiyo. Duane akairudisha pikapu kinyumenyume gerejini, tukafungua vibano vyote sita, tukapitisha zile mbao mbili chini yake na kufunga kamba nne. Mimi nikasimama kwenye pembe yangu ya kifuniko, kushoto nyuma. Baba akatoka jikoni na mkono wa kuzungushia winchi, ile mashine yake ya kupandishia kifuniko darini. Nilidhani atazungusha mwenyewe. Akampa Duane.

Nimeona nikuambie mimi kabla hujasikia kwa watu. Kifuniko kiko juu darini, minyororo minne imefungwa, kila kitu salama. Duane ndiye aliyekata mkate, kama ilivyo kawaida ya mwenye kuzungusha. Ncha zote mbili akala yeye.

Dada yako,
Aili


Ely, Nevada
21 Mei 1992

Dada Aili,

Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa mgongo. Mgodini wamenihamishia zamu ya asubuhi. Jua limeniunguza shingo mpaka wenzangu wananiita Nyekundu, na huku hakuna hata mti wa kufungia kamba ya nguo. Mwambie baba nimeacha sigara. Usimwambie kwamba mwaka huu nimeacha mara tatu.

Sasa hili la Duane. Nimeisoma barua yako mara nne na kila mara naikuta imeandikwa vilevile. Shemeji simchukii, ila nieleze, mtu aliyezaliwa kusini, ng'ambo ya daraja, kwenye mashamba yao yale ya huko Saginaw, anajua nini kuhusu winchi ya baba? Nilimwona kwa macho yangu akifungua kopo la rangi kwa ufunguo wa gari, na ufunguo ukakatika. Mtu kama huyo unampa kilo mia na hamsini za mbao na alumini zining'inie juu ya vichwa vya watu?

Mkono ule alinipa mimi nikiwa na miaka kumi na sita. Mjomba Arvo aliuomba, akanyimwa. Jirani aliuomba, akaambiwa akajenge gereji yake. Leo amepewa mtu aliyekuoa miaka sita tu iliyopita, na ncha za mkate anakula yeye. Nasema wazi, nina wivu, na sioni haya. Juzi nilikuwa nakula mkate wa dukani, nikafika kwenye ncha, nikaitupa.

Mfundishe basi, maana naona hakuna wa kumfundisha. Vibano kwanza, halafu waya wa taa ya breki achomoe. Ule ulimi wa chuma unaozuia winchi isirudi uwe umeingia kwenye meno kabla hajaachia mkono. Mizunguko arobaini, kisha minyororo. Asiiachie winchi ibebe mzigo msimu mzima.

Ila shida hiyo haitakuwa ya muda mrefu. Siku naondoka baba aliniambia, pikapu na kifuniko ni vyako ukirudi kuvichukua. Nimeomba likizo Oktoba. Nitakuja navyo huku.

Ndugu yako,
Reino


Pelkie, Michigan
28 Juni 1992

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimechelewa kwa sababu ya stroberi. Zimeiva zote wiki moja, na mikono yangu ni myekundu mpaka kwenye viwiko. Baba alianguka bafuni lakini hakuumia. Kuku mmoja ameliwa na mbweha. Wifi wa jirani amejifungua mapacha. Nadhani nimemaliza habari za adabu, sasa tuongee.

Unanifundisha vibano? Unanifundisha waya wa taa? Reino, mizunguko si arobaini, ni arobaini na sita. Nimeihesabu kutoka kwenye pembe yangu tangu ukiwa hujaota ndevu. Nilipokuwa naihesabu mimi, wewe ulikuwa unatazama barabarani kuona nani anapita.

Haya, nikupe cha kukufurahisha. Duane alisahau waya. Kifuniko kilipoinuka waya ukavutika, ukakatika, na taa ikaning'inia kama jino la mtoto. Mimi nilifunga macho nikingoja baba apandishe sauti. Unajua alifanya nini? Alicheka. Akampiga Duane begani, akasema waya ule ulikuwa umechoka siku nyingi. Ingekuwa mimi, ningeambiwa niingie ndani nikaangalie kahawa.

Wewe una wivu wa ncha za mkate. Mkate huo nauoka mimi. Tangu mama afariki nauoka kila barafu ikitoka, na kila Novemba kabla ya msimu wa kuwinda kulungu tunapokivisha kifuniko, na sijawahi hata siku moja kuutia kisu. Baba namnyoa mimi, kucha namkata mimi, na asubuhi akifungua macho anauliza kama barua ya Reino imekuja. Kadi yako ya Krismasi, yenye maneno sita, ameiweka chini ya mto. Mimi niko chumba cha pili. Nani hapa amwonee mwenzake wivu?

Miaka ishirini na tatu nasimama pembe ya kushoto nyuma. Najua kwa nini nilifungiwa pale, na wewe unajua. Kidole changu kidogo bado hakinyooki, na baridi ikianza kinaniambia kabla ya redio. Usiku ule baba alisema, "Aili hawezi kuaminiwa kushika uzito," na hajarudia tena, kwa sababu hakuhitaji kurudia. Wakati mwingine najiuliza kama kweli niliiachia ile pembe. Mkononi naikumbuka, nilikuwa nimeishika. Lakini nyote wawili mlisema niliachia, na mimi nilikuwa mmoja.

Pikapu utaikuta. Kifuniko hakitoki hapa.

Aili


Ely, Nevada
12 Julai 1992

Dada Aili,

Sijambo. Pole kwa kuku. Mpe baba pole ya kuanguka.

Mambo ya mwaka sitini na tisa ni ya zamani, tuyaache. Hujanijibu nilichouliza. Baba ana akili zake. Kwa nini alimpa Duane mkono? Alisema nini alipompa? Nataka maneno yenyewe. Kama ameamua Duane ndiye mwana wake sasa, niambieni, nisijisumbue kuja Oktoba.

Nimeambatanisha picha yangu nikiwa mgodini. Mpe aiweke chini ya mto na ile kadi, kama shemeji hajaweka ya kwake.

Reino


Pelkie, Michigan
30 Agosti 1992

Reino,

Picha imefika. Baba aliitazama muda mrefu, akasema ni kijana mzuri, akaniuliza ni wa nani.

Umetaka maneno yenyewe. Wiki saba nimekuwa nikiyazungusha mdomoni nikishindwa kuyatema, na nikwambie ukweli, sikuyaficha kwa ajili ya kukulinda wewe. Niliyaficha kwa sababu nilifurahi kukuona unaumia. Kwa mara ya kwanza ulikuwa umenyimwa kitu. Nilitamani ukae nacho kidogo.

Alitoka na mkono ule ameushika kwa mikono miwili. Akapita mbele yangu. Akasimama mbele ya Duane, akamwangalia, akamwambia, "Reino, mwanangu, umechelewa. Haya, shika."

Ndivyo ilivyokuwa. Si mara hiyo tu. Tangu majira ya baridi Duane anaitwa Reino. Anaulizwa kama amemaliza shule, anaulizwa habari za yule msichana wako wa Baraga. Mwanzoni Duane alijaribu kusahihisha, baba akawa analia, basi akaacha. Sasa anaitika. Anaenda naye sauna kila Jumamosi akiwa Reino, anarudi akiwa Duane, na hanilalamikii hata kidogo. Kile kicheko Duane alipokata waya, kilikuwa chako wewe. Ile ya kumpiga begani ilikuwa yako. Hata ncha za mkate zilikuwa zako, ndugu yangu, ila zilipita mdomo mwingine.

Basi acha kumwonea wivu mume wangu. Hajachukua kitu.

Mimi je, ananiitaje? Ananiita Aili. Hanisahau mimi, hajawahi kunikosea jina hata siku moja. Yule mgeni wa Saginaw akisimama mbele yake anageuka kuwa mwanawe na anakabidhiwa winchi, na mimi niliye mwanawe wa kweli, ambaye anajua vizuri mimi ni nani, ananiambia nenda kwenye pembe yako. Nilisimama pale nimeshika kona ya kifuniko, na wivu ukanijaa mpaka masikio yakawa yanavuma. Sikumwonea Duane, wala wewe peke yako. Niliwaonea wote wanaoweza kuwa Reino.

Daktari anasema itazidi. Kama unakuja Oktoba, njoo ukijua hivyo. Atakuona na pengine atakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Aili


Ely, Nevada
4 Oktoba 1992

Dada yangu Aili,

Sikuja. Likizo walinipa, mkoba nilifunga, nikaendesha hadi mpaka wa Utah nikageuza. Wiki tano nimekuwa nikiandika barua hii na kuichana. Mwenye nyumba ameniuliza kama naandika wosia.

Salamu kwanza. Mimi mzima. Huku usiku umeanza kuwa na baridi. Msalimu Duane, na safari hii namaanisha.

Aili, hukuachia pembe.

Ulikuwa umeishika. Nilikuona umeishika, kwa mikono miwili, umeuma mdomo kama unavyofanya. Tulikuwa tunakishusha, baba yuko mbele ameinama analenga mbao zikae sawa, haoni nyuma. Na kushusha siyo kupandisha. Ulimi umeuinua, kwa hiyo mkono wa winchi hutakiwi kuuachia hata kwa kupepesa macho. Gari la akina yule msichana wa Baraga lilipita barabarani. Nikainua mkono wangu kumpungia.

Hivyo tu. Nilimpungia msichana. Mkono wa winchi ukanitoka, ukazunguka, upande wako ukashuka wote kwa mpigo mmoja. Nikasikia kidole chako kabla hujapiga kelele. Baba akanyanyuka, akauliza, "Nani?" Akanitazama mimi, akakutazama wewe uko chini umekumbatia mkono, na mimi nikasema, "Aili kaachia." Nilikuwa na miaka kumi na sita na ule mkono nilikuwa nimepewa mwezi ule ule. Niliogopa ataurudisha msumarini unakotundikwa. Jioni ile nilikata mkate, nikala ncha zote mbili, na wewe ulikuwa hospitalini.

Baadaye nilitaka kusema, lakini kila mwaka uliopita ulifanya neno liwe refu zaidi. Ulidhani nilikuja huku kwa ajili ya shaba. Nilikuja kwa sababu kila Novemba nilikuwa nakuona umesimama kwenye pembe ile, hulalamiki. Na bado, nikiwa huku, nimethubutu kumwonea Duane wivu kwa kitu ambacho nilikiiba kwako.

Msomee baba barua hii. Msomee yote, pamoja na hilo la msichana. Kifuniko ni chako na winchi ni yako. Pikapu pia. Sina la kudai.

Ukinijibu nitashukuru. Usiponijibu nitaelewa.

Reino


Pelkie, Michigan
8 Novemba 1992

Mdogo wangu Reino,

Hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka juzi na haijayeyuka. Wawindaji wameshaanza kupita na bunduki zao na kofia za rangi ya chungwa, na dukani hakuna mazungumzo mengine. Viazi tumevitia ghalani. Baba ana mafua kidogo.

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, halafu nikakaa chini pale pale kwenye majani yaliyolowa. Duane alidhani mtu amekufa. Nilikuchukia wiki mbili kamili, Reino. Nilikuchukia nikifua, nikipika, nikikanda unga. Nilikutukana kwa Kifini, kile cha bibi. Miaka ishirini na tatu nimekuwa nikiuliza mkono wangu mwenyewe kama ni mwongo. Ila katika hiyo hiyo hasira kulikuwa na kitu kimetua, kwa sababu mkono wangu haukuwa mwongo.

Nilimsomea baba. Nilimsomea mara tatu, siku tatu tofauti, nikachagua asubuhi anapokuwa na nuru. Mara ya kwanza alisema huyo msichana lazima alikuwa mzuri. Mara ya pili alilala. Mara ya tatu alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na yule dada yake, kidole kilipona?" Nikamwambia hakikupona sawasawa. Akatikisa kichwa, akasema, "Maskini," akaomba kahawa. Sikupata zaidi ya hapo, na sitapata.

Jana tulikivisha kifuniko. Duane alirudisha pikapu gerejini, akafunga waya mpya wa taa kwa mkono wake. Mkate ulikuwa mezani. Baba akautoa mkono wa winchi msumarini, karibu na kalenda, akatoka nao, akanipita. "Reino, shika."

Duane akaweka mikono mifukoni. "Bega linaniuma, mzee. Mpe Aili."

"Aili ni wa pembe," baba akasema.

"Pembe nitashika mimi," Duane akajibu, akaenda kusimama kushoto nyuma, mahali pangu, na kuushika ubao kama mtu aliyezaliwa pale. Sikuwa nimemwomba. Barua yako nilikuwa nimeiacha juu ya friji.

Baba akabaki ameushika ule mkono, anaangalia huku na huku, hajui ampe nani. Sikungoja anipe, nilimbandua vidole kimoja kimoja, taratibu, nikauchukua ule mkono nikauchomeka kwenye winchi. Nikazungusha kidogo kupandisha ili minyororo ilegee, Duane akaifungua. Halafu nikainua ulimi.

Uzito wake ulinijia mabegani wote. Sikujua ni mzito hivyo. Nilishusha mzunguko mmoja mmoja. Gari mbili zilipita barabarani na nakwambia kwa makusudi, sijui ni za nani mpaka leo. Arobaini, arobaini na moja. Kidole changu kilikuwa kinawaka moto. Kwenye arobaini na sita kifuniko kilikaa juu ya pikapu bila hata kugonga, na pande zote mbili nafasi ni sawa, kidole kimoja huku na kidole kimoja kule.

Baba akaja. Akapapasa ukingo wote kwa kiganja, akazunguka nyuma, akarudi. Nilikuwa bado nimeushika ule mkono, siwezi kuuachia ijapokuwa hakukuwa na mzigo tena. Akanitazama usoni karibu sana. Macho yake yalikuwa yamejaa. Akaniwekea mkono begani, pale pale alipompiga Duane, akasema, "Vizuri sana, Reino."

Nilitaka kuupiga chini ule mkono wa winchi. Nilitaka kumwambia jina langu, ambalo halisahau akitaka kahawa. Lakini kiganja chake kilikuwa bado begani kwangu, na hakuwahi kukiweka pale hata siku moja. Nikamjibu, "Ndiyo, baba."

Jioni nilikata mkate mimi. Ncha moja nimeila mbele yao wote, taratibu, na siagi. Ya pili nimeifunga kwenye karatasi na iko ndani ya boksi hili na barua. Itafika imekauka, na ikauke. Sijasamehe bado, nisikudanganye. Hiyo ncha ni mkate tu.

Kifuniko kinabaki. Mkono wa winchi nimeuhamisha msumari, sasa uko upande wangu wa jiko. Tutakivua tena barafu ikitoka ziwani, mwishoni mwa Aprili ukiulizia. Duane anasema hataki tena ile pembe, imemvunja mgongo. Kwa hiyo kushoto nyuma hakuna mtu, na mimi siwezi kuzungusha na kushika kwa wakati mmoja.

Njoo na glavu.

Dada yako,
Aili